Nyumba Isiyo na Chuma

Wajukuu zangu huniuliza nilifanya kazi gani ujanani, na nikiwajibu kwamba nilikuwa napima jua wanatazamana. Bibi ameanza kuchanganyikiwa, ndivyo wanavyodhani. Basi nimeamua kuandika, maana mtu anayeandika hakatizwi na mtoto anayechezea simu. Nanyi wengine mnaosoma, vijana wa mlimani na wa kwingineko, mnisamehe nikiruka huku na huku. Sikuwahi kukumbuka mambo kwa foleni, na sasa nimezeeka mno kujifunza.

Kituo chetu kilikuwa juu ya kilima, kati ya Lukozi na Mlalo, huku kwetu Usambara. Kando ya barabara kulikuwa na ofisi ndogo, na mbele yake kidogo, chini ya miti, ilisimama nyumba ya vipimo. Nyumba hiyo haikuwa na chuma hata chembe. Kuta zilikuwa za mbao za mtarakwa kutoka Shume, zimeshikwa kwa vigingi vya mti, paa lilikuwa la vibao, bawaba za mlango zilikuwa za shaba. Ndani, sumaku ndogo nyembamba zilining'inia kwenye nyuzi ambazo ukizipulizia tu umeharibu siku nzima. Kila sumaku ilibeba kioo kidogo, na kioo kilirudisha mwanga wa taa kwenye karatasi ya picha iliyokuwa ikizunguka polepole. Sumaku ikitikisika, mwanga unatikisika, na karatasi inabaki na mstari. Palikuwa pia na alama nyingine ya mwanga iliyoangukia kwenye rula ya mbao ukutani, ili mpimaji aone kwa macho yake kinachoendelea bila kungoja picha isafishwe.

Mtaniuliza, jua liko wapi hapo? Nami niliuliza hivyo hivyo. Dunia nzima ni sumaku, ndiyo sababu dira inajua kaskazini. Na jua halitupi joto na mwanga tu, linapuliza pia, na siku nyingine linapuliza kwa hasira. Upepo huo ukitufikia, sumaku ya dunia yote inatikisika kwa pamoja. Sindano ya Usambara inacheza dakika ile ile na sindano ya watu wanaoishi kwenye barafu, na redio zinakwaruza kila mahali. Sisi tuliita dhoruba, ingawa nje anga ni jeupe na kuku wanadonoa kama kawaida. Nchi moja peke yake haiwezi kulipima jambo kubwa namna hiyo. Kwa hiyo nchi zilikubaliana kila moja ipime pale ilipo, kisha zibadilishane mistari. Na karibu na Ikweta wapimaji walikuwa wachache, ndipo tulipopata umuhimu.

Niliingia kazini miaka michache baada ya Uhuru. Tangazo lilisomwa kanisani Mlalo baada ya ibada: wanatakiwa vijana waliomaliza darasa la nane, wenye hesabu nzuri na mkono usiotetemeka. Tulifika kundi zima, wavulana wamevaa vizuri kuliko siku ya kipaimara. Aliyetupokea alikuwa mkuu wa kituo, Mzee Natanaeli, mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ya chini na macho ya kukagua. Yeye alijifunzia kazi kwenye vituo vya hali ya hewa tangu enzi za mkoloni. Hakutuuliza hesabu. Alishika dira mkononi akatuambia tupite mbele yake mmoja mmoja.

Wavulana walikwisha hapo. Mmoja alikuwa na mkanda wenye bizimu kubwa, mwingine kisu cha kukunja mfukoni, mwingine viatu vilivyopigwa njumu. Kuna mmoja alivua viatu, akavua mkanda, akatoa funguo, na bado sindano inacheza. Alipoambiwa apekue tena alikasirika akaondoka zake huku ameshikilia suruali. Mimi nilikuwa peku, nimevaa gauni na kanga, nikajua nimepita. Sindano ikageuka ikanitazama.

Mzee Natanaeli alikohoa. Akatazama miti. Akasema, "Wewe mndee, kaonane na mama watoto kule nyuma." Mndee ndiyo kusema msichana kwa Kishambaa, na aliendelea kuniita hivyo hata nilipokuwa na watoto wanne. Mkewe, Mama Loi, alinipokea jikoni akacheka mpaka akakaa chini.

"Sidiria yako ina vishikizo vya nini?"

"Vya chuma, mama. Nimeinunua Tanga."

"Basi ivue, mwanangu. Mzee wa watu hawezi kukutamkia, atakufa kwa aibu, na sumaku zake nazo hazijui aibu."

Ndivyo nilivyopata kazi. Tangu siku hiyo mpaka leo nguo zangu zote zina vifungo vya mfupa. Cheka, lakini kama unataka kazi ya vipimo, anza kujikagua mwenyewe kabla hujakagua mashine. Pini ya nywele, zipu, saa ya mkononi, shilingi zenyewe, vyote viachwe ofisini. Miwani pia, na nitawaeleza habari ya miwani.

Lakini kwanza matofali. Nyumba niliyoisifia ilikuwa ya pili. Ya kwanza waliijenga kabla sijaajiriwa, na Mama Loi hakuchoka kuisimulia. Daktari Henriki, mtaalamu kutoka nchi moja ya baridi kali, ndiye aliyeleta vyombo. Yeye na Mzee Natanaeli walikaa wakapanga pamoja: nyumba imara ya matofali ya kuchoma, isiingie unyevu wala panya. Mafundi wakaafiki, kijiji kikafurahi kuona tanuru. Nyumba ikasimama nzuri sana. Wakatundika sumaku, nazo zikaanza kuvutwa na ukuta. Kumbe udongo wetu mwekundu una chuma ndani yake, na ukiuchoma, tofali likipoa linageuka kuwa sumaku dhaifu. Walikuwa wamejenga sumaku kubwa wakaweka sumaku ndogo ndani. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, maana walikosea wote kwa pamoja, aliyesoma sana na aliyesoma kidogo. Waliibomoa tofali kwa tofali, wakayapanga mbali chini ya mteremko, majani yakaota juu yake.

Daktari Henriki huyo alikuwa mtu wa kupendeza. Alijifunza Kiswahili kwa bidii ya mwanafunzi anayetaka zawadi, na Kishambaa cha salamu akakiweka juu yake. Akikutana na mtu njiani asubuhi, "Onga makeo!" kwa sauti, hata kama mtu mwenyewe ni Mpare. Siku moja Mzee Natanaeli alipokwenda likizo, Daktari alishika vipimo mwenyewe. Sasa sheria ya kazi ilikuwa kwamba vituo vyote duniani vinaandika kwa saa moja, tuliyoipata kwenye redio, ambayo si ya kwetu wala ya mtu mwingine hapa. Daktari kwa kutuheshimu akaandika kwa saa za Kiswahili. Dhoruba ilitokea asubuhi, saa tatu yetu, akaandika tatu. Kwa saa ya dunia ilikuwa sita.

Karatasi zilikwenda ng'ambo. Baada ya muda ikaja simu ya maandishi ikisema dhoruba ya jua imefika Usambara saa tatu kabla ya kufika sehemu nyingine za dunia, tafadhali elezeni. Mzee Natanaeli aliisoma, akaikunja, akasema kwa upole, "Daktari, naona jua limeanza kwetu." Mtu mzima yule alikuwa mwekundu kama nyanya za Lukozi. Baada ya hapo tuliweka saa tatu kwenye ukuta wa ofisi, chini ya kila moja kibao: ya Dunia, ya Serikali, ya Watu. Ile ya Watu ndiyo tuliyoitumia kwenda kula.

Haya, miwani. Kulikuwa na nchi mbili kubwa zilizokuwa zimenuniana wakati ule, sina haja ya kuzitaja. Kila moja ilituma mtaalamu alinganishe chombo chake na chetu, na kwa bahati mbaya, au nzuri, wakafika wiki moja. Siku ya kwanza mmoja alikaa kivulini, mwingine akaona afadhali jua. Mama Loi aliwapikia makande, akawawekea sinia moja kwa makusudi, wala hakuleta la pili. Wakala kimya, kila mmoja upande wake.

Kesho yake wakaingia nyumba ya vipimo. Wote wawili walivaa miwani, na fremu zote mbili zilikuwa na chuma. Wakazivua wakaziacha ofisini, wakaingia ndani wakipapasa. Hakuna kati yao aliyeweza kusoma rula. Ikabidi mimi niwasomee namba kwa Kiingereza changu cha darasa la nane, mmoja aandike huku pua imegusa karatasi, mwingine naye vivyo hivyo. Wakimaliza wanalinganisha walichoandika kwa kuninong'onezea mimi kwanza, kisha wakaona upuuzi wakaanza kunong'onezana wenyewe. Siku ya kuondoka niliwakuta wamekaa kwenye benchi la mbao wanakula plamu za bustani ya Mama Loi, wanatupa kokwa kwa zamu kuona ya nani itafika mbali. Nilifurahi kuliko siku niliyoongezwa mshahara.

Ninayapenda sana mambo hayo, na ningeweza kuyaandika mpaka karatasi ziishe. Nikifumba macho nasikia harufu ya mtarakwa mlango ukifunguliwa asubuhi. Lakini kuna jambo moja ndilo lililonifanya nishike kalamu, nami nimelizunguka vya kutosha.

Vilipokuja vijiji vya ujamaa, watu waliokuwa wametawanyika mabondeni walitakiwa wakae pamoja. Huku kwetu mahali pa tambarare hapapatikani hovyo, na mahali pekee palipokitosha kijiji palikuwa mgongo wa kilima chetu. Mkutano uliitishwa. Mzee Natanaeli akasimama akaeleza kwamba majembe, baiskeli na magari yasipite karibu na nyumba ya vipimo.

"Ndugu Natanaeli," mwenyekiti wa kijiji akasema, "taifa zima linatuambia tushike jembe, wewe unatuambia tuliweke chini?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. "Ukilishika bondeni, ndugu mwenyekiti, hakuna neno. Usinipitie nalo mlangoni."

Ndipo akasimama Anna, mke wa mwalimu, rafiki yangu tangu shuleni, mwanamke asiyeogopa mkutano. "Shikamoo Mzee," akasema.

"Marahaba."

"Sisi akina mama shida yetu ni zahanati. Tukizidiwa tunabebwa mpaka Lushoto, na wengine hawafiki. Nesi tumeahidiwa, mabati tumepewa. Pa kujenga ni pale mbele ya nyumba yako ya vipimo. Zahanati ina vitanda vya chuma. Utatukatalia?"

Mzee akafikiri, akajibu kwa namna ambayo sisi tuliofanya naye kazi tuliijua. "Chuma kinachotulia nakisamehe. Vitanda na mabati vikikaa mahali pake nitapima vimevuta kiasi gani, nitakitoa kwenye hesabu. Kinachonivuruga ni chuma kinachopita. Huwezi kutoa kwenye hesabu kitu ambacho hujui kiko wapi."

Wakakubaliana. Zahanati ikajengwa kwa yale yale matofali yaliyokuwa yamelala kwenye majani. Chini kwenye kona ya barabara likawekwa gogo la kuzuia. Majembe yalilazwa hapo mtu akipanda, baiskeli ziliegeshwa hapo, na gari la wagonjwa liliishia hapo, mgonjwa akabebwa kwa machela ya mianzi kipande kilichobaki. Mwenyekiti mwenyewe alimwambia dereva kwamba gogo halisogezwi bila neno la Mzee Natanaeli. Mtaona ajabu, watu walilipenda sharti lile. Wageni wakija wanaonyeshwa: hapa hata mwenyekiti anashuka baiskeli, anatembea, kwa ajili ya jua. Tulijiona tumo duniani.

Kisha Daktari Henriki akaja na habari ambayo hakuitaka. Waliokuwa wakigharamia kazi huko ng'ambo walitaka kupunguza vituo. Ungekuja msimu mmoja ambao dunia nzima ingepima kwa pamoja, kuanzia mwezi wa tatu, jua lilipotazamiwa kuwa na hasira. Kituo kitakachotoa mstari mzima kitabaki. Chenye pengo kitafungwa.

"Hata pengo dogo?" nikauliza.

"Hawajaniambia kuna dogo na kubwa," akasema.

Sijapata kumwona Mzee Natanaeli akijali kitu namna ile. Alikuwa amekaribia kustaafu, na alikuwa hajawahi kunasa dhoruba kubwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kasoro. Mara umeme wa betri ulikatika, mara panya, mara karatasi mbovu. Alikuwa akisema kwamba kabla hajaondoka anataka kuupeleka mstari mmoja ambao mtu wa ng'ambo akiutazama atajua kwamba hapa kuna watu wa kazi. Mashine alizifuta yeye, nyuzi alizikagua yeye. Mimi na wenzangu tulitembea kwa vidole.

Masika yalianza mapema mwaka ule. Asubuhi moja nilikuwa naye ndani ya nyumba ya vipimo, mvua inapiga vibao vya paa, na ile alama ya mwanga kwenye rula ikaruka ghafla, ikatulia, kisha ikaanza kupanda na kushuka. Mzee alinishika mkono. Hakuwa mtu wa kushika mtu mkono. "Imeanza," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kijana. Tulisimama tunaitazama. Nilifikiria wale mabwana wawili wa plamu, kwamba kila mmoja kwake anatazama hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo.

Mlango ukagongwa. Alikuwa nesi wetu, Theresia, amelowa.

"Mzee, gari limefika gogoni. Anna anatokwa damu, mtoto hajageuka. Ni lazima ateremke Lushoto sasa hivi."

"Abebwe kwa machela," Mzee akasema, macho yake bado kwenye rula.

"Wa kumbeba nani? Wanaume wote wako bondeni shamba la kijiji. Nina wanawake watupu, na njia inateleza vibaya. Tukimwangusha amekwisha. Nataka gari lije mpaka mlangoni."

Mzee Natanaeli akanyamaza.

Theresia akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Mzee. Mwanga ulikuwa ukipanda kwenye rula, ukipanda kuliko nilivyowahi kuuona, na yeye alikuwa akiutazama, na midomo yake ikicheza bila neno. Niliogopa. Nilimwogopea Anna, na nilimwogopea Mzee pia. Nikasema tu, "Mzee, ni Anna."

Akatoka. Hakuvaa viatu, hakuvaa koti. Nilisimama mlangoni nikamwona akishuka barabara kwa mbio, miguu yake mirefu ikiteleza, akianguka na kuinuka. Alifika gogoni, akaliinamia, akalivuta yeye mwenyewe huku dereva akishuka kumsaidia. Kisha nikakumbuka kazi yangu nikarudi ndani.

Gari lilipopita mbele yetu mwanga ulitoka kabisa kwenye rula. Ulirudi, ukatetemeka wakati gari limesimama zahanati injini ikiunguruma, ukatoka tena liliposhuka. Nikakimbilia ofisini, nikasoma saa ya Dunia nikaiandika.

Mzee alirudi na matope mpaka kiunoni. Alisimama mlangoni asiingie asije akachafua.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Mzee. Nimeandika gari."

"Andika mgonjwa," akasema. "Gari halikuwa na safari yake."

Anna alijifungulia Lushoto kwa kupasuliwa, mtoto wa kike. Walirudi wote wawili wazima, na kijiji kilicheza ngoma ambayo hata mchungaji aliivumilia. Na mstari wetu ukawa na pengo, tena pale pale palipotafutwa na kila mtu. Daktari Henriki alikuja, akaketi kwenye kigoda, akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Aliposikia habari yote akasema, "Pole, Natanaeli," na Mzee akajibu, "Tumekwisha poa."

Daktari alitutetea, nawaambia kweli. Wenzetu wa India walitutumia mstari wao wa saa ile ile, na mmoja wa wale mabwana wa plamu akatutumia wa kwake, ingawa nchi yake ilikuwa bado imenuna. Kwa mistari hiyo Daktari na Mzee walikaa wakakadiria sindano yetu ilifanya nini gari lilipokuwa likipita. Hiyo ndiyo maana ya kufanya kazi pamoja, mtu anakuona umebanwa anakukopesha alichoona yeye. Lakini waliokuwa na amri huko mbali walitafuta mapengo tu, wakalikuta letu. Kituo kikafungwa. Siku ya kufungasha walikuja mafundi kutoka mjini na masanduku, wakayapigilia misumari ya chuma humo humo ndani ya nyumba. Kila nyundo ilipogonga niliona Mzee anafumba macho.

Mimi nilihamishiwa kwenye hali ya hewa, nikapima mvua mpaka nikastaafu. Mvua ni kazi nzuri, ila haikushirikishi na mtu wa barafuni.

Miaka ikapita. Watu walimpenda sana Mzee Natanaeli kwa ajili ya siku ile. Kila harusi, kila ubatizo, mtu husimama akasimulia alivyoacha dhoruba yake akamkimbilia Anna bila kusita hata kidogo. Nami nilisimulia hivyo hivyo, tena kwa madoido. Alipokuwa mgonjwa, karibu na mwisho wake, nilikwenda kumwona. Mama Loi alikuwa amekwisha tangulia. Mzee alinitaka nisogee.

"Mndee, unapowasimulia watu, unasema nilikimbia."

"Ndiyo, Mzee. Si ulikimbia?"

"Kwanza nilinyamaza. Wewe ulikuwepo."

Nikamfunika shuka vizuri.

"Nilikuwa nahesabu," akasema. "Nilikuwa nahesabu kama atavumilia mpaka mwanga utulie. Yule mtoto wa watu anatokwa damu, nami nahesabu. Kituo sikijutii hata kidogo. Ninachokijutia ni ule ukimya. Usinisifie kwa watoto wako kama mtu ambaye hakunyamaza, maana siku yao ikifika watanyamaza kidogo, watadhani wao ni wabaya kuliko sisi, na watabaki hapo hapo."

Basi wajukuu zangu, na ninyi wengine, nimelitimiza neno lake. Alinyamaza. Alisimama akitazama mwanga wakati mtu anakufa, nami nilisimama naye. Nimewaeleza kama alivyotaka.

Lakini kisha alikimbia, mzee mzima, peku, kwenye yale matope, akianguka na kuinuka. Hilo nalo nililiona kwa macho yangu, na hakunikataza kulisema.